Sura ya Tisa: Mistari Sita Mitupu

Watu wanne, karatasi nne, sentensi moja. "Aliondoka akitabasamu." Sajini Dolores Quintanar alizipanga karatasi hizo mezani na kuzitazama mpaka kahawa yake ikapoa. Mpishi alisema hivyo. Mtunza bustani alisema hivyo. Mume na mke waliotoka Oregon kuja kutafuta amani ya roho nao walisema hivyo hivyo, kila mmoja akihojiwa peke yake.

"Mashahidi wakikubaliana hivi," alimwambia naibu wake, Lowell Okerlund, "ujue wamekula meza moja."

"Au wamesema kweli, mkuu." Okerlund alikuwa anamenya chungwa juu ya kikapu cha takataka. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Wasema kweli hutofautiana. Mmoja ataona koti jeusi, mwingine ataona la bluu, wa tatu ataapa hapakuwa na koti. Hebu nijibu, kati ya hawa wanne, nani alikuwa chumbani?"

Okerlund alimeza kipande cha chungwa. "Hakuna."

"Hakuna. Basi tabasamu waliliona wapi?"

Marehemu aliitwa Anselm Pruitt, miaka thelathini na minne, mwalimu wa takwimu. Siku tisa nyuma, Jumatano alasiri, alilala juu ya godoro katika chumba cha ghorofani cha Nyumba ya Mlango, jengo la mbao lililo ukingoni mwa genge, Pasifiki ikinguruma chini yake. Akanywa kinywaji chao cha magome na majani. Mwilini tayari alikuwa na vidonge vya sonona, ambavyo havipatani na kinywaji kile hata kidogo. Daktari aliyeupasua mwili hakumung'unya maneno. Homa ilipanda, misuli ikakakamaa, moyo ukashindwa. Kisha akaongeza jambo lililomkosesha Quintanar usingizi: kifo cha namna hiyo hakiji ghafla, na kijana alikuwa na karibu saa nzima ya kuokolewa. Hospitali iko mwendo wa dakika kumi na tano. Simu ya kuomba msaada ilipigwa saa kumi na dakika ishirini.

Mwendesha mashtaka alikuwa na jibu lake. Mtu mzima, akili zake timamu, amekunywa kwa hiari, amesaini fomu. "Mpaka saa kumi na moja leo, Dolores. Ukikosa kitu, nafunga jalada."

Laiti ingekuwa jalada tu. Kesho yake, Jumamosi, kwenye godoro lile lile, angelala Minna Estabrook, mwanamke aliyekuwa amekaa na Pruitt alipokufa. Minna alikuwa na miaka sitini na sita, na kifuani alikuwa amewekewa kifaa cha kuusukuma moyo. Mpishi ndiye aliyeropoka habari hiyo, kwa furaha kabisa, kana kwamba anatangaza harusi. Jalada likifungwa leo, hapakuwa na sheria ya kumzuia bibi huyo asinywe.

"Naenda huko," Quintanar alisema. "Wewe mtafute yule mwalimu mwenzake Pruitt. Alipiga simu jana, akasema ana bahasha."

Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri na haukuwa na nia ya kuondoka. Barabara ya pwani ilionekana kipande kwa kipande, na miti mirefu ya pande zote mbili ilikuwa haina vilele. Quintanar alizaliwa huku na hakuwahi kuupenda ukungu huo. Tangu Rubén, mdogo wake, azikwe mwezi Machi, aliuchukia.

Aliwakuta wamekaa duara mbele ya moto, macho wameyafumba. Mpishi alikuwa anasoma daftari kwa sauti ya chini. "Nikashuka ngazi. Nikafika bustanini. Kengele iliyopasuka ilikuwa inalia, lakini haina sauti." Wasikilizaji walikuwa wanachezesha midomo wakimfuatisha, neno kwa neno, na hakuna aliyegeuka Quintanar alipoingia. Alisimama mlangoni na koti lake limelowa, na kwa muda mfupi alijiona yeye ndiye asiyekuwepo.

"Karibu, dada," ilisema sauti nyuma yake. Thaddeus Wren, mwenye nyumba, alikuwa mrefu, pekupeku, na mwenye sauti ambayo ingeweza kumuuzia samaki maji. "Kila kabla ya safari tunasoma madaftari ya waliotangulia. Ni desturi."

"Nani anayaandika?"

"Mlinzi. Msafiri akinywa, Mlinzi hukaa kando yake bila kunywa chochote. Kila baada ya dakika mbili anaandika alichokisikia."

"Na mnachothibitisha ni nini?"

Wren alimketisha ofisini kwake. Alipenda kuulizwa hivyo. "Ndani ya ubongo kuna tezi, ndogo kama punje ya harage. Saa ya kufa inamwaga maji yake, na hayo maji ndiyo Mlango. Kinywaji chetu kinaufungua kabla ya wakati. Waliokufa wapo upande wa pili, dada. Hawajaenda mbali."

"Hayo maji yamepimwa? Kwa binadamu, saa anayokufa?"

"Nani atasimama na kipimo kando ya mtu anayekufa?"

"Kwa hiyo hayajapimwa."

"Ninayo madaftari mia tatu na kumi na mawili! Watu hawajuani, hawajawahi kuonana, na wote wanaiona bustani ile ile, kengele ile ile. Hilo utalielezaje?"

"Mnawasomea kabla hawajanywa."

"Tunawaandalia njia."

"Sisi tukimwonyesha shahidi picha ya mshukiwa kabla ya gwaride la utambulisho, hakimu anatufukuza mahakamani, na vitu vyetu vinatufuata."

Wren hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, akamtazama kwa huruma. "Nawe unaye mtu kule. Mwanamume, bado kijana. Ana kovu hapa kidevuni. Anakuita Lola."

Hakuna aliyemwita Lola isipokuwa Rubén, na Rubén alikuwa ardhini kwa miezi saba. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeegemea kioo. Alitaka kuuliza, na swali lilikuwa tayari limefika kooni: amesema nini kingine?

Kazi ndiyo iliyomwokoa. Miaka kumi na minane ya kuuliza watu wamejuaje walichokijua. Polepole alijiuliza mwenyewe, na polepole jibu likaja. "Gazeti la hapa," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Toleo la Machi, tangazo la msiba. Picha inaonyesha kovu. Mama yangu ndiye aliyeandika 'ameacha dada yake mpenzi, Lola'."

"Ukitaka kuamini hivyo."

"Sitaki, bwana. Ndivyo ilivyo."

Lakini alijua, na lilimuuma, kwamba hata baada ya kulikumbuka gazeti alikuwa bado amekaa pale akisubiri Wren aongeze neno moja. Aliinuka kwa nguvu. "Daftari la Pruitt. Siku tisa naliomba."

Alitegemea kukataliwa tena, lakini Wren alilitoa mtotoni mwa meza kwa mikono miwili. Uso ulikuwa unang'aa. "Nimelitafakari. Ulimwengu lazima ulione. Soma saa tisa na dakika arobaini na nne. Yule kijana alikuja hapa kutucheka, dada. Akaenda akathibitisha kila kitu."

Ndani ya gari, Quintanar aliwasha taa ya juu akafungua. Kurasa zilikuwa zimechapwa saa pembeni, mstari mmoja kwa kila dakika mbili. Mwandiko wa Minna ulikuwa mdogo, ulionyooka. Saa tisa na ishirini: anatapika. Na thelathini: anatetemeka, jasho jingi. Na arobaini: anasema anaogopa. Na arobaini na nne: anasema kuna msichana, amevaa buti za njano.

Baada ya hapo palikuwa na mistari sita mitupu. Kisha, saa tisa na dakika hamsini na nane, neno moja: kimya.

Redio ilikoroma. "Mkuu, ninayo bahasha," ilisema sauti ya Okerlund. "Pruitt aliifunga Agosti, akamwambia mwenzake aifungue Januari. Nisome?"

"Soma."

"'Leo tarehe mbili Agosti nimetia kati ya madaftari ya Nyumba ya Mlango safari moja ambayo haikuwahi kutokea. Nimeitunga mwenyewe. Ndani yake nimeweka kengele iliyopasuka. Nimeyapitia madaftari yote yaliyotangulia, na hakuna kengele hata moja. Sasa tuhesabu watakaoiona.'" Okerlund alikohoa. "Kuna karatasi nyingine, aliituma wiki moja kabla ya kufa. Kati ya wasafiri ishirini na watatu waliofuata, kumi na tisa wameiona."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga hawakuwa wanazungumzia kengele, lakini ndivyo ilivyokwenda. Mtu mmoja aliitunga kwa kalamu, ikasomwa mbele ya moto, na kufikia Oktoba ilikuwa inalia ndani ya vichwa kumi na tisa.

"Mkuu, basi Wren ana sababu. Kijana angemwaibisha nchi nzima. Labda alijua habari ya vidonge akanyamaza, halafu akazuia simu isipigwe."

"Alikuwa wapi saa tisa?"

"Hilo ndilo linaniudhi. Kwa daktari wa meno, mjini. Magego mawili. Kinywa wazi kuanzia saa nane mpaka saa kumi, na wauguzi wawili wameapa."

"Basi siku hiyo peke yake hakuhubiri."

Okerlund alicheka, kisha akaacha. "Kwa hiyo tumebaki na nani?"

Quintanar aliitazama ile mistari sita. "Na mtu aliyekuwa chumbani," alisema.

Minna Estabrook alikuwa ghorofani, anatandika godoro kwa ajili ya kesho. Alikunja pembe za shuka kwa namna ambayo hufundishwa mahali pamoja tu duniani. Quintanar aliketi kwenye kiti cha Mlinzi bila kuombwa.

"Umekuwa muuguzi miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na mmoja. Wodi ya wagonjwa mahututi, zamu ya mchana." Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele nyeupe fupi, na alizungumza kwa upole wa mtu ambaye ameshafunga mizigo yake. "Najua unataka kunizuia, Sajini. Umechelewa. Kesho namwona binti yangu."

"Junie." Jina hilo Quintanar alilipata kwa mpishi.

"Junie. Miaka miwili sasa. Tuligombana asubuhi, akatoka kwa hasira, mvua inanyesha, akaendesha gari." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Alikuwa amevaa buti za njano. Hakuna mtu humu aliyejua habari ya buti hizo. Na yule kijana, asiyeamini lolote, akamwona nazo."

Quintanar alivuta mkoba wake karibu. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuona haya kumwonyesha mtu ushahidi, na leo aliona haya. Alitoa mkobani daftari la pili, ambalo mpishi alikuwa amemtolea rafuni bila kuuliza maswali. "Hili ni la Februari. Msafiri ni wewe, Mlinzi ni mpishi. Saa nane na dakika kumi, umesema: buti zake, buti zake za njano. Umelisema mara tano, mama. Hukumbuki kwa sababu ulikuwa umekunywa."

Minna alilisoma akiwa amesimama.

"Pruitt alisoma madaftari yote, mia tatu na kumi na mawili. Ndiyo kazi aliyoijia. Alikuwa anahesabu kila kinachotoka humo."

"Basi angejua amelitoa wapi." Sauti ya Minna ilikuwa imepungua. "Asingenidanganya. Anselm hakuwa mwongo, Sajini. Alikuwa anasahihisha watu hata kwenye bei ya mkate."

"Hilo ndilo lililonileta juu." Quintanar alilifungua daftari la kwanza juu ya shuka, pale penye mistari mitupu. "Miaka thelathini na mmoja, wodi ya mahututi. Muuguzi haachi mstari mtupu. Kama mgonjwa amenyamaza, ataandika amenyamaza. Hapa umeacha sita. Dakika kumi na mbili hukuandika kitu."

"Nilikuwa namtazama."

"Ulimsikia. Fomu mnayosaini, kifungu cha saba kinasemaje?"

Minna alikijua kwa moyo, kama wote. "Msafiri akiomba msaada, Mlinzi asimsikilize. Hofu ni kizingiti cha Mlango."

"Na Pruitt alisaini."

"Alisaini. Alisema jaribio halitakuwa la haki kama yeye atapewa sheria zake."

"Saa tisa na arobaini umeandika: anasema anaogopa. Aliomba daktari?"

"Aliomba." Lilitoka polepole. "Wote huomba. Mimi mwenyewe Februari niliomba padri, nikaomba na zimamoto. Nikamwambia, pita tu, mwanangu, wewe pita."

"Ulimgusa? Ulimpima joto?"

"Nilimgusa." Minna alikuwa anaitazama mikono yake. "Alikuwa anaungua. Ningemwona wodini ningekimbia kumwita daktari mwenyewe. Lakini hapa hatuiti homa. Hapa tunaita kuvuka."

Ndilo kosa ambalo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote. Mpumbavu wa njiani angempigia simu daktari. Ilihitaji muuguzi mzoefu, na nyumba nzima ya watu wema waliokubaliana mapema kwamba kilio si kilio.

"Kwa hiyo alijua hutakwenda," Quintanar alisema. "Alikuwa na akili, alikuwa anaisikia homa yake, na aliomba mara ya kwanza ukamwambia apite. Mfa maji hukamata maji, mama. Akatafuta kichwani mwake kitu ambacho wewe ungekisikiliza. Akakipata kwenye daftari la Februari."

Minna aliketi ukingoni mwa godoro.

"Alisema nini baada ya buti?"

Chini walikuwa wameanza tena kusoma. Maneno hayakusikika, uvumi tu wa sauti nyingi zikienda pamoja ndani ya mbao. Quintanar alishika kalamu. Aliogopa jibu, na hakujificha kwamba anaogopa.

"Alisema, 'Junie anasema umwite daktari.'"

"Na wewe?"

"Nilimwambia amuulize kama bado amenikasirikia."

Kalamu ya Quintanar ilisimama. "Akamuuliza?"

"Alisema hajakasirika. Alisema hakukasirika kabisa, hata asubuhi ile. Halafu akasema, 'Sasa nenda, anakuomba uende.' Nikamuuliza kama anasikia baridi huko. Akasema hasikii. Meno yake yalikuwa yanagongana, Sajini, ikabidi nimshike taya ili nimsikie vizuri. Nikamuuliza yuko na nani. Akasema yuko na bibi yake. Nikauliza kama aliumia ile siku, kwenye gari. Akasema hakuumia, ilikuwa haraka."

"Na kila mara alikuomba uende."

"Kila baada ya jibu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa nasema moyoni, swali moja tu lingine. Halafu nitakwenda. Moja tu. Miaka miwili, mwanangu, sikuwa nimemsikia."

Quintanar alimfahamu. Asubuhi ile ile alikuwa ameketi ofisini kwa Wren, gazeti kichwani, na masikio bado yamesimama. Angependa kumwambia hivyo. Badala yake aliandika saa, tarehe na maneno kama yalivyosemwa, akageuza karatasi, akamwonyesha pa kusaini. Minna alisaini. Mwandiko haukutetemeka. Ilikuwa saa tisa na nusu, na karatasi hiyo ingetosha kufunga nyumba kabla ya jioni. Huenda ingetosha kumfunga na Minna pia, na wote wawili walilijua hilo.

"Sajini." Bibi alikuwa ameinuka na kuanza kulitandua godoro, pembe moja baada ya nyingine. "Katika yote aliyoniambia. Kuna hata moja lililokuwa la Junie?"

Uongo ulikuwa hapo, mwepesi, wa bei nafuu. Quintanar aliwahi kuwadanganya mashahidi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Hapana, mama. Yote yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa anataka kuishi."

Minna alitikisa kichwa kukubali. Aliikunja shuka mara mbili, akaishika kifuani.

"Alijibu yote," alisema. "Hakuacha hata swali moja."